Mahadhi Niliyoyakataa

Nilimkosoa mtu mbele ya kwaya nzima kwa kosa ambalo hakulifanya. Baadaye nikajua kwamba hakukosea, na bado nikanyamaza. Makosa ni mawili, na la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Ilikuwa kwaya ya mtaa, Edinburgh, ya watu wazima wanaokutana jioni baada ya kazi, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu na mpiga piano wao. Nilikuwa nimeandaa tamasha la nyimbo za Kiskoti kama zilivyopangwa na Haydn na Beethoven. Wimbo wa kufungia ulikuwa Auld Lang Syne, ule ambao wengi wetu tumeusikia usiku wa kuamkia mwaka mpya hata bila kujua maneno yake. Beethoven aliupanga kwa sauti tatu, pamoja na piano, fidla na selo, na nilikuwa nimeupenda mpangilio huo tangu siku nilipousikia.

Kabla sijagawa karatasi niliwaomba waimbe wanavyoujua, mmoja mmoja. Mama mmoja mtu mzima, aliyekulia mashambani Aberdeenshire, aliimba maneno yaleyale kwa mahadhi mengine kabisa. Yalikwenda taratibu, yakipanda pale ambapo wenzake walishuka. Nikamsimamisha. Nikamwambia kwamba maneno ameyapata, ila mahadhi ameyachanganya na ya wimbo mwingine. Akasema ndivyo alivyofundishwa na bibi yake. Nikamjibu kwamba huenda bibi yake naye alichanganya, nikainua karatasi ili wote waone jina la Beethoven.

Sikumpandishia sauti. Nilisema kwa upole, kwa uhakika wa mtu anayedhani anajua. Upole ule haukupunguza kitu. Wiki iliyofuata hakuja, wala rafiki yake aliyekuwa akija naye kwa gari moja.

Ukitaka kuelewa nilifikaje pale, anza na jinsi nilivyofundishwa. Muziki niliupata kanisani, kwenye kwaya ambayo ubishi wowote ulimalizwa kwa kufungua kitabu: kilichoandikwa ndicho kilichoimbwa, na aliyeimba vingine alirudishwa kwenye mstari. Utaratibu huo ni mzuri kwa kuweka sauti nyingi pamoja, na ninaushukuru hadi leo. Lakini niliubeba hadi kwenye nyimbo zilizoishi midomoni mwa watu muda mrefu kabla ya kitabu kuzifikia, na sikuwahi kujiuliza karatasi niliyoshika ilitoka wapi.

Ilitoka kwa karani. George Thomson, aliyezaliwa mwaka 1757, alifanya kazi Edinburgh katika bodi ya kukuza sanaa na viwanda vya Uskoti, na jioni alipiga fidla. Alisikia waimbaji wa Kiitalia wakiimba nyimbo za Kiskoti katika matamasha ya ukumbi wa St Cecilia, akavutiwa mno, akaazimia kuzichapisha kwa namna itakayofaa sebule za watu wa heshima. Kuanzia mwaka 1793 alitoa vitabu vyake, na kwa miaka mingi aliagiza kazi kwa watunzi wa Ulaya bara: kwa Pleyel, kwa Kozeluch, kwa Haydn, kisha kwa Beethoven. Haydn hakuwa mgeni wa kazi hiyo, kwani alipokuwa London alimpangia nyimbo mia moja mchapishaji William Napier, aliyekuwa amelemewa na madeni, na kitabu hicho cha mwaka 1792 kilimwinua. Ukijumlisha alizompangia Napier, Thomson na mchapishaji mwingine, zinakaribia 400.

Na haikuwa kazi ya ovyo. Hapa nasimama na kusisitiza, maana baada ya kosa langu ningeweza kwa urahisi kuwageuzia kibao mabwana hawa. Mahadhi mengi ya Kiskoti yamejengwa kwa sauti tano, na baadhi humalizikia mahali ambapo sikio lililolelewa Vienna halitarajii. Beethoven hakuyapuuza mambo hayo. Vipande vifupi vya ala anavyotanguliza na kufungia wimbo vina mawazo yake kamili. Thomson alimlalamikia kwamba ni vigumu mno kwa mabinti wa Uskoti wanaopiga piano nyumbani, naye akamjibu kwamba hana desturi ya kuzirudia kazi zake.

Lakini Beethoven alitumiwa mahadhi matupu, bila maneno. Aliyaomba maneno, tena zaidi ya mara moja. Kwa nyimbo nyingi alifanya kazi bila kujua kama anapanga maombolezo au wimbo wa walevi. Mtu huyo, aliyekuwa akiuliza kwa barua akiwa mbali kiasi hicho, ndiye niliyemtumia kumnyamazisha mama aliyekuwa amesimama mbele yangu.

Nililijua kosa langu nikiwa maktaba, tamasha likiwa limekaribia, nikitafuta jambo la kuongeza kwenye maelezo ya wimbo wa mwisho. Nilifungua juzuu ya tano ya The Scots Musical Museum ya James Johnson, iliyotoka mwaka 1796, mwaka aliofariki mshairi Robert Burns. Burns alichangia karibu theluthi moja ya nyimbo za mkusanyiko ule wa juzuu sita. Auld Lang Syne ni namba 413. Mstari mmoja wa sauti, mstari wa besi chini yake, basi. Nikaanza kuzisoma nota kimoyomoyo, zikakataa. Nikadhani nimekosea ukurasa. Nikatazama maneno: ndiyo yenyewe. Nikarudi mwanzo, nikasoma polepole, kidole kikiwa juu ya karatasi, na nilipofika mstari wa pili nikayatambua. Yalikuwa mahadhi ya yule mama.

Nilikaa pale nikijaribu kujitetea. Burns mwenyewe, alipompelekea Thomson maneno hayo mwaka 1793 akisema ameyapata kwa mzee aliyekuwa akiimba, aliyataja mahadhi yake kuwa ya wastani tu. Thomson alikuwa na sababu ya kutafuta mengine. Mahadhi tunayoyaimba dunia nzima aliyachapisha mwaka 1799, Burns akiwa kaburini, na ndiyo yaliyomfikia Beethoven. Yote hayo ni kweli. Hayabadilishi kwamba nilimwambia mtu amechanganya wakati alikuwa amehifadhi.

Ningeweza kumpigia simu siku ileile. Namba yake nilikuwa nayo. Maelezo ya tamasha yalikuwa bado hayajachapwa, na ndani yake nilikuwa nimeandika kwamba wasikilizaji watasikia mahadhi ya asili yakiwa yamevikwa ala na Beethoven. Sentensi ile ningeweza kuifuta. Sikuifuta. Nilijiambia kwamba kwaya imeshazoea, kwamba kubadilisha sasa kutawatia watu hofu, kwamba nitalishughulikia baada ya tamasha. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na sikutaka watu walioniona nikiinua karatasi ile waone nikiishusha.

Tamasha lilikwenda vizuri. Watu walipiga makofi, wakaondoka na karatasi yenye maneno niliyojua si sahihi na jina langu chini yake.

Nilimwandikia baadaye sana, nikaenda kumwona. Nilimpelekea nakala ya ukurasa ule na kumwambia wazi kwamba nilikosea, na kwamba nilijua kabla ya tamasha. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakujua kwamba wimbo wa bibi yake umo kitabuni, na jambo hilo lilimfurahisha. Lile la pili hakulisemea neno. Alikuwa ameshajiunga na kikundi kingine kinachokutana jioni ileile tunayofanya mazoezi, watu wanaoimba bila karatasi. Nilimwomba aniimbie tena wimbo ule. Akasema labda siku nyingine. Sijamrudia na ombi hilo, maana hana deni kwangu.

Katika mstari wa tatu alikuwa na mpindo wa sauti ambao haumo katika kitabu cha Johnson. Hilo nina hakika nalo, kwa sababu ndipo nilipomkatiza. Mpindo wenyewe siukumbuki. Siku hizi kwaya inaimba mpangilio wa Beethoven, kisha mahadhi ya mwaka 1796 kama yalivyochapwa, na tunapofika mstari huo tunaimba kilichomo kitabuni.