Kusema na Kufahamika

Hapa Iringa tuna jiwe kubwa lililo juu ya mji, liitwalo Gangilonga. Kwa Kihehe maana yake ni jiwe lisemalo. Wazee husimulia kuwa Mtwa Mkwawa alikuwa akienda hapo kutafakari. Kila nipitapo chini yake naona haya, kwani jiwe linasifiwa kwa kusema, na mimi mwenye ulimi nilipata kuwa bubu juu ya mimbari.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1988 nilikuwa kijana, nikihutubu Ijumaa katika msikiti mmoja. Nilisoma khutba kwa Kiarabu tangu mwanzo hadi mwisho, kama nilivyofunzwa. Ijumaa moja khutba ilihusu mali ya yatima. Niliisoma kwa sauti nzuri, na nikasifiwa. Safu ya mbele aliketi mtu aliyeachiwa amana ya shamba la bondeni, tuliitalo kinyungu, mali ya watoto wa marehemu nduguye. Aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Baada ya mavuno akakiuza kile kinyungu.

Mama wa watoto alinijia analia. Nikamwambia, "Mama, jambo hili nililikataza mimbarini." Akanijibu, "Sheikh, kaka zangu wote walikuwamo msikitini siku hiyo. Mbona hakuna aliyejua? Wangalifahamu, wangalimzuia." Sikuwa na jawabu, na kinyungu hakikurudi.

Ndipo nilipowafikiri waliotutangulia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa mwanachuoni mkubwa wa Kiarabu, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Juu ya hayo, mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa kwa Kiswahili, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Makala zake zikakusanywa katika kitabu cha Uwongozi mwaka 1944. Hakuona kuwa elimu yake inapungua heshima kwa kufahamika na mchuuzi na mvuvi.

Wajapani nao waliona haja kama hiyo. Mwalimu wao Fukuzawa Yukichi alitaka watu wake wazoee kusimama mbele ya umma na kueleza rai zao, na mwaka 1875 akafungua ukumbi wa hotuba katika chuo chake cha Keio, mjini Tokyo. Mwaka 1910 Noma Seiji, aliyekuwa karani katika kitivo cha sheria cha chuo kikuu mjini humo, akatoa gazeti la Yuben, yaani ufasaha wa kusema. Hotuba zilinakiliwa kwa hati mkato zikapigwa chapa, hata asiyekuwapo akazisoma. Kutokana na kazi hiyo likakua shirika la uchapaji la Kodansha, mojawapo la makubwa nchini Japani.

Faida ya jambo hili ni ipi? Hotuba iliyo juu ya karatasi haina sauti tamu ya kuifunika. Msomaji huiuliza swali moja tu: umesema nini?

Basi madrasani kwangu kila Alhamisi kijana mmoja husimama akasema kwa dakika 5, na mwenzake huandika aliyoyasikia. Kisha tunalinganisha. Safari moja kijana alitushangaza kwa ufasaha wake juu ya haki za jirani. Tulipoitazama karatasi ya mwenzake, tulikuta mstari mmoja: "Jirani ni mtu mzuri." Wote wakacheka, ila mimi. Nilikumbuka kinyungu.

Siku hizi nguzo za khutba nazitimiza kwa Kiarabu, na mawaidha nayatoa kwa Kiswahili. Mmoja wa yatima wale sasa ni mtu mzima, mwenye watoto wake. Mara nyingi husali safu ya nyuma, na nishukapo mimbarini macho yangu humtafuta yeye kwanza.

Ewe msomaji, Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni aliomba ulimi wake ufunguliwe ili afahamike, hakuomba asifiwe. Nawe ukisimama mbele ya watu, iwe msikitini, mkutanoni au mbele ya wanao, usiulize kama wamependezwa. Uliza wamefahamu nini, na usikilize jawabu kabla mali ya mtu haijapotea.