Nilivyowaaga Wasasi wa Makurunge

Nilipokuwa mdogo, mkulima wa Makurunge alikuwa na maadui wawili: mafuriko ya Ruvu na nguruwe pori. Mafuriko yana msimu wake, na yakiondoka huacha tope la kupandia mpunga. Nguruwe hana msimu na hana anachoacha. Akiingia na wenzake kwenye mihogo, asubuhi mwenye shamba anakuta matuta yamefukuliwa, mashina yamelazwa, mihogo imeng'atwa nusunusu na kutupwa. Mchana ni zamu ya nyani kwenye mahindi. Ndiyo maana watoto wa pale tulikulia juu ya madungu, manati shingoni, na watu wazima wakawa na kundi la wasasi.

Kwa asiyepajua, Makurunge ni kata ya Wilaya ya Bagamoyo, ng'ambo ya Mto Ruvu ukitokea mjini kwa barabara ya Msata, pale njia ya Saadani inapochepuka kwenda kaskazini. Kati ya Ruvu na Wami kulikuwa na Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, ambayo kila mtu anaiita RAZABA. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipewa ardhi hiyo miaka ya 1970 ifugie ng'ombe huku bara. Ranchi ilipokufa miaka ya 1990, malisho yakageuka vichaka, na vichaka vikajaa wanyama. Mbele zaidi ni Saadani, pori la akiba tangu miaka ya 1960, ambalo mwaka 2005 lilipandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa, pekee Tanzania ambayo wanyama wake wanafika hadi ufukwe wa Bahari ya Hindi. Wakulima wa Makurunge walikuwa katikati ya makazi mawili ya wanyama, na mihogo yao ilikuwa njiani.

Kundi letu lilichanganya Wakwere, Wadoe, Wazaramo na Wazigua, pamoja na Wamakonde na watu wengine waliokuja kutafuta kazi wakaoa na kubaki. Mkuu wake alikuwa baba mkubwa, kaka wa baba yangu. Kijana akija kuomba kuingia, swali la kwanza halikuwa kama ana mbwa au mkuki. Baba mkubwa alimuuliza, "Shamba lako liko wapi, mwanangu?" Asiye na shamba hakuandikwa. "Huyo anasaka nini?" alituuliza sisi wengine, kana kwamba tulikuwa na jibu.

Msako haukuanza porini, ulianza ofisini. Mwenye shamba alilalamika kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye akapeleka kwa serikali ya kijiji, kijiji kikampa taarifa afisa wanyamapori wa wilaya, ndipo siku ikapangwa. Mara nyingine afisa alikuja mwenyewe na bunduki. Asubuhi hiyo nyavu za katani zilifungwa mti hadi mti upande ambao nguruwe wangekimbilia. Wazee wenye mikuki walijibanza nyuma yake. Sisi vijana tulikuwa wafukuzaji, tukaingia kichakani kutoka upande wa pili kwa kelele na madebe. Mbwa walivaa njuga shingoni, lakini njuga hizo zilizibwa kwa majani mabichi mpaka watakapofunguliwa, nguruwe wasisikie mapema. Majani yakishatolewa, mzee mwenye uzoefu hakuhitaji kumwona mbwa wake. Aliisikiliza njuga tu, akakwambia nguruwe wamegeukia wapi.

Nguruwe akianguka, wengi wetu tulisogea kando. Sisi ni Waislamu, nyama ile hatuili wala hatuigusi. Wamakonde na wenzetu Wakristo waliichukua wakaenda kuipika kwao, nasi tukabaki kutaniwa kwamba tumewafanyia kazi ya bure. Matumbo walipewa mbwa. Mwenye shamba alileta chai na mihogo ile ile iliyonusurika, tukala, tukaagana. Hakuna shilingi iliyopita mkono wa mtu, na wala sikumbuki msako ambao watu waliondoka wamenuniana.

Pesa ilikuja na barabara. Lami ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, ilipokamilika, mtu aliweza kutoka Makurunge na mzigo magharibi na kuufikisha mjini kabla ya isha. Bodaboda zikajaa kijiweni, kila kijana akawa na simu, na kila mwenye simu akawa na mteja. Nguruwe ambaye jana alikuwa adui wa mihogo akawa kitimoto chenye bei kwa kilo. Wenzetu Wakristo wakasema, na walikuwa na haki ya kusema, kwamba nyama ni yao tangu zamani, wakiiuza hawamwibii mtu. Wakajitolea hata kuchangia sehemu ya mauzo kwenye mfuko wa kundi, tununue dawa za mbwa na nyavu mpya.

Hapo ndipo tulipogombana kwa mara ya kwanza. Upande mmoja ulisema pesa ya nguruwe ikiingia mfukoni imeharamisha mfuko wote. Upande wa pili ukajibu kwamba nyavu haziswali. Baba mkubwa alikwenda kumuuliza shehe, akarudi na jibu fupi: kumuua nguruwe kwa kulinda mazao hakuna ubaya, kula thamani yake hakufai. Tukawa na mifuko miwili, na mimi nikakabidhiwa daftari la mmoja. Mgogoro ule uliisha kwa amani kwa sababu pande zote zilikuwa bado zinataka kitu kile kile, shamba lipone. Waliotofautiana juu ya pesa hawakutofautiana juu ya kazi.

Mgogoro wa pili haukuwa wa aina hiyo. Ulianza na waya.

Waya wa breki ya baiskeli, au ule unaochomolewa kwenye tairi lililochomwa, ukifungwa tanzi na kutegwa kwenye kijia cha wanyama, hauna haja ya mbwa, wala wafukuzaji, wala mzee wa kusikiliza njuga. Unategwa jioni na kukaguliwa asubuhi. Hauulizi pia anayepita ni nani. Nguruwe ananaswa, na paa, na funo, na kuro jike mwenye ndama. Baadhi ya wenzetu walianza kutega kimya kimya kwenye vichaka vya RAZABA, na wengine wakawa wanatoka usiku kwa tochi kali wakiwa wawili wawili kwenye pikipiki. Hao hawakuwa wanalinda shamba la mtu. Walikuwa na oda.

Sisi tulilijua hilo siku mbwa wangu mmoja, jike jekundu niliyemwita Subira, alipokosekana baada ya msako. Tulimkuta kesho yake karibu na kijito, amekaa kimya. Waya ulikuwa umemshika juu ya wayo wa mguu wa mbele, naye katika kuvuta ameuzamisha mpaka mfupa ukaonekana, na ardhi yote iliyomzunguka ilikuwa imekwanguliwa duara. Njuga yake ilikuwa bado shingoni. Aliyeutega waya ule alikuwa mmoja wetu, kijana tuliyemfundisha kufunga nyavu, na hakukana. Alisaidia kuukata kwa koleo, akampa pole mbwa, kisha akaniambia, "Kaka, sisi tunalala. Waya haulali."

Sitaki kumfanya mtu mbaya. Hoja zake alizozitoa baadaye kikaoni zilikuwa nzito kuliko wengi walivyotaka kukubali. Alisema mwenyeji wa pwani hii hajawahi kuulizwa lolote juu ya wanyama. Bagamoyo ilitajirika kwa pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka bara, lakini mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alipotoa amri ya kudhibiti uwindaji, leseni ikawa ya mwenye pesa na mkuki wa mwenyeji ukawa kosa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974 na ile ya mwaka 2009 zilitungwa na serikali yetu wenyewe, lakini kwa mtu wa kijijini mambo hayakugeuka sana: mtalii analipa anapiga, mwanakijiji anakamatwa. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 zilitungwa kwa ajili ya wanyama hatari, kina tembo, kiboko na simba. Mama aliyemalizwa mihogo na nguruwe hakuona fungu lake humo. Akaongeza habari ya ardhi. RAZABA ilipewa kampuni ya kigeni kwa mradi wa miwa, mradi ukakwama na hati ikafutwa, kisha sehemu yake ikapewa mwekezaji wa ndani, na leo kuna kiwanda cha sukari. Pale tulipochanja kuni na kulima vibustani, sasa kuna miwa na walinzi. "Basi hata paa tuachiwe," alisema.

Mwingine akaleta hoja ya mabucha. Mwaka 2020 zilitoka kanuni za kuruhusu nyamapori kuuzwa kwenye mabucha maalumu, na yeye alizisoma kwa namna yake: nyamapori imehalalishwa, tatizo letu ni karatasi tu. Nilimjibu kwamba karatasi ndiyo jambo lenyewe. Bucha lina leseni, na nyama yake lazima ijulikane imetoka wapi na imewindwa kwa kibali gani. Mnyama wa waya hana kibali, na mitego ya namna hiyo imekatazwa na sheria hata kwa mwenye kibali. Nikawakumbusha Oktoba 2013, wakati wa Operesheni Tokomeza. Operesheni ile ililenga majangili wa tembo, lakini malalamiko ya wananchi kuteswa na kunyang'anywa mali yalikuwa makubwa kiasi kwamba ilisitishwa, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Askari wakiingia kijijini hawatenganishi msasi wa mihogo na mtega waya. Wote wana panga, wote wana mbwa, wote wananuka moshi.

Baba mkubwa alikuwa ameshafariki wakati huo. Kikao kilifanyika barazani kwa mwenyekiti wa kundi aliyemfuata, mtu mpole aliyetaka kila mmoja aondoke ameridhika. Niliweka mbele yao mambo matatu: waya marufuku, tochi ya usiku marufuku, na asiyekuwa na shamba asiandikwe. Wazee wawili watatu wakaniunga mkono. Vijana wengi wakanyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa jibu. Mwenyekiti akapendekeza kila mtu afanye anavyoona, ila msako wa pamoja uendelee kama kawaida.

Pendekezo hilo ndilo lililoniondoa. Kundi linaweza kubeba watu wa dini mbili, makabila saba na mifuko miwili, lakini haliwezi kubeba kazi mbili zinazopingana. Nikiingia kichakani na mbwa kufukuza nguruwe, nitakuwa nawapeleka mbwa wangu kwenye tanzi la mwenzangu. Nikipeleka jina langu kwa afisa wanyamapori kuomba ruhusa ya msako, nitakuwa namwekea dhamana mtu ambaye usiku ule ule ana mzigo wa paa njiani kwenda mjini. Nikakabidhi daftari na hesabu yake, nyavu nikawaachia kwa kuwa zilinunuliwa kwa pesa ya wote, kisha nikaenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba jina langu lifutwe kwenye orodha ya wasasi.

Kulikuwa na maneno. Wapo walioniita msaliti, wakasubiri kuona kama nitawapeleka polisi. Sikuwapeleka. Wapo waliosema nimefanya hivyo kwa ajili ya mbwa tu. Utani wa msibani ukaisha kwa muda, ukarudi taratibu, maana kijijini huwezi kususia mazishi. Na yule kijana wa waya tunasalimiana vizuri mpaka leo. Tulichoacha ni kusaka pamoja.

Kundi lenyewe halikudumu. Wazee waliokuwa na mashamba walijitoa mmoja mmoja, wakabaki wenye pikipiki, na hao hawahitaji kundi, wanahitaji mafuta na namba ya mteja. Msako wa asubuhi wa nyavu na njuga haukuitishwa tena. Nguruwe nao hawakupungua hata kidogo, maana mtega waya hafuati nguruwe shambani kwa mtu, anafuata kijia chenye wanyama wengi. Tena sasa wana miwa ya kujifichia na kula. Akina mama waliokuwa wakituletea chai wamerudi kulala kwenye madungu na moto.

Ninaloliomba kwa serikali za vijiji vya kata yangu, na vya kata jirani hadi Mkange, si gumu. Rudisheni kundi la wasasi wa mazao kwa sheria ndogo ya kijiji. Waandikwe wenye mashamba tu, majina yao yabandikwe ofisini, siku ya msako itolewe kwa kibali cha afisa wanyamapori wa wilaya, na atakayekutwa na waya afutwe siku hiyo hiyo. Halmashauri nayo ikipokea malalamiko ya nguruwe ijibu kabla msimu haujaisha, kwa sababu mkulima asiyejibiwa ndiye mteja wa kwanza wa mtega waya. Kundi likirudi kwa masharti hayo, nitaomba kuandikwa tena. Shamba langu bado lipo.