Siku Yako ya Mwisho Arusha

Siku ukipata safari ya kwenda Arusha, najua hutakwenda kwa ajili ya kutembea tu. Utakwenda harusini, au kumwona kijana wako akipewa cheti chake chuoni, au kumwuguza ndugu. Shughuli itakwisha, na tiketi ya basi itakuwa ya kesho alfajiri. Hapo katikati itabaki siku moja nzima isiyo na kazi. Siku hiyo watu wengi huimaliza sokoni wakilinganisha bei za vitenge, na jioni huketi barazani kwa shemeji wakiutazama Mlima Meru kwa mbali kama picha ya kalenda.

Mimi kazi yangu ni ukarani wa parokia. Lakini kwa kuwa napajua Arusha, watu hunijia ofisini wakitaka niwapangie siku hiyo. Basi haya ninayowaambia wao, leo nakuambia na wewe.

Watalii wa ng'ambo huithamini sana siku ya mwisho. Wapo wanaomaliza mapumziko yao Unguja kwenye mchanga na bahari, na kabla ya kupanda ndege ya kwao huweka siku moja ya peke yao: gari lao, mtu wao wa kuwaongoza, wala hawachanganyiki na kundi. Sisi tukiona hivyo husema, "Hayo ni mambo ya Wazungu." Kwa nini? Kiingilio cha Mtanzania katika hifadhi za taifa ni sehemu ndogo tu ya kile anachotozwa mgeni wa nchi za mbali, na mtoto ambaye hajatimiza miaka 5 halipiwi kitu. Gharama kubwa hasa ni gari. Nalo hukodiwa zima, wawe watu wawili au saba. Basi tafuta familia ya pili iliyokuja kwa harusi ile ile, mgawane.

Jambo la kwanza ni kuchagua upande mmoja. Nimekwisha kuona karatasi za watu zilizoandikwa: Ngorongoro, Momela, Tengeru, makumbusho, soko, tena yote kwa siku moja! Ngorongoro iko mbali upande wa magharibi. Ukienda na kurudi siku hiyo hiyo utakuwa umekodi kiti cha gari, si matembezi. Wala usidanganywe kwamba utakigusa kilele cha Meru. Mlima huo una urefu wa meta 4,566, ni wa pili nchini baada ya Kilimanjaro, na wapandao hutumia siku 3 au 4. Kwa mtu wa siku moja mimi humshauri upande wa mashariki: Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na wakati wa kurudi, Tengeru. Njia ni moja na mwendo ni mfupi.

Jambo la pili, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni mtu wa kukuongoza. Watu huuliza gari lina viti vingapi na kama lina redio. Mwongozaji hawamwulizi hata neno. Kumbe gari litakufikisha ziwani tu. Atakayekufanya ulione ziwa ni mtu. Bila yeye utasema, "Maji, na ndege," halafu utataka kurudi.

Utampataje? Usimchukue yule anayekufuata barabarani akikuvuta mkono na kukuita mjomba. Unguja watu wa namna hiyo huitwa papasi, yaani kupe, na Arusha nako hawakosekani. Kundi moja nililolifahamu lilimlipa kijana wa barabarani fedha zote usiku. Asubuhi walisubiri na vikapu vyao mpaka saa 4, na simu yake haikupatikana tena. Uliza kwa wenyeji unaolala kwao, au nenda ofisini kwenye kampuni ya utalii yenye leseni ya serikali. Kisha zungumza naye mwenyewe, uso kwa uso, siku moja kabla. Mazungumzo yenyewe si marefu:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nasikia wewe ndiwe utakayetupeleka Momela. Sisi tuko sita, na bibi mmoja mwenye magoti mabovu."

"Hakuna neno mzee. Bibi tutamweka mbele. Pale pa kutembea kwa miguu atatungoja na dereva."

Ukisikia jibu kama hilo, umepata mtu. Amemfikiria bibi kabla ya kufikiria fedha. Lakini akikujibu tu, "Kila kitu kinawezekana," mwulize tena.

Hapo andikeni karatasi. Bei ya gari ni kiasi gani, na mafuta yamo au hayamo? Viingilio vya watu na cha gari nani atalipa? Chakula cha mchana je? Mtarudi saa ngapi? Lipa sehemu, nyingine umalizie jioni. Ujue pia kwamba langoni hawapokei fedha taslimu, basi mwombe mwongozaji akueleze mapema namna ya kulipa, na kila mtu mzima achukue kitambulisho chake. Usipoonyesha kitambulisho, askari wa langoni atajuaje kwamba wewe ni Mtanzania?

Tiketi ya basi inunuliwe na mizigo ifungwe jana yake. Hili nalisisitiza, maana mama mwenye mzigo ambao haujafungwa hatamwona twiga. Moyo wake uko kwenye kamba na magunia.

Ondokeni saa 12 asubuhi. Si ukali wa bure. Meru hupenda kujifunika mawingu jua likipanda, na asubuhi ndipo unapojionyesha. Mtashika barabara ya Moshi mpaka Usa River, mkunje kushoto, na muda si mrefu mtafika lango la Ngongongare. Barabara inayopita hapo ndiyo waitumiayo hata wananchi wa Ngarenanyuki, hivyo wako akina mama wanaokwenda zao sokoni na debe la nyanya huku twiga wamesimama kando ya njia. Hawageuzi hata shingo!

Eneo hilo lilifanywa hifadhi mwaka 1960, likaitwa kwanza Ngurdoto. Mwaka 1967 liliongezwa mlima likapewa jina la Arusha. Ukiingia utaona uwanda wa majani uitwao Serengeti Ndogo, wenye nyati, punda milia na twiga. Simba hawamo, na watoto watasikitika; waambie mapema ili wasije wakamdai mwongozaji simba.

Halafu mtapanda msituni kwenda Ngurdoto. Hapa mwongozaji mzuri atazima gari na kusema, "Nyamazeni." Juu ya miti mtawaona mbega, weusi wenye joho jeupe mabegani na mkia kama usinga. Mwambie akuonyeshe mkono wake kwa darubini: hana kidole gumba. Kazi yake ni kurukaruka matawini na kula majani, wala chini hashuki sana. Kisha mtasimama ukingoni mwa kasoko, yaani shimo lililoachwa na volkano ya zamani, lenye upana wa kilometa 3 na zaidi. Chini kuna nyati wadogo kama siafu. Mtu haruhusiwi kuteremka humo. Wanyama wameachiwa mahali pao, na sisi tunatazama kutoka juu tu. Mzee mmoja niliyekuwa naye aliniuliza, "Kwa hiyo hapa binadamu ndiye aliyewekewa uzio?" Nilishindwa kumjibu.

Baada ya hapo ni maziwa ya Momela, nayo ni 7. Hapo ndipo utakapomjua mwongozaji wako kama anajua kazi. Atakuonyesha kwamba maziwa hayafanani rangi: hili kama chai ya maziwa, lile kijani, lile la buluu. Sababu ni kwamba kila ziwa lina madini yake na mwani wake mdogo sana usioonekana kwa macho, na mwani huo ndio unaotia rangi majini. Maji yake yana magadi, na wanyama hawayapendi kwa kunywa. Lakini heroe, ndege wale wa waridi wenye miguu mirefu, hula humo humo, wakiwa wameinamisha vichwa juu chini. Msimu wao ukiwapo huonekana kama shuka ya waridi iliyoanikwa ufukweni.

Sasa mwambie akugeuze uutazame mlima. Ukiwa Arusha mjini Meru unaonekana mzima, umechongoka. Ukiwa Momela utaona kwamba upande huu haupo! Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki ulibomoka ukaanguka, na matope na mawe yakamwagika kuelekea Kilimanjaro. Vilima vile unavyovipita ni vipande vya mlima, na maziwa yamekaa katika mashimo ya mporomoko huo. Ndani ya pengo kuna kilima cha majivu kilichoota baadaye. Mara ya mwisho mlima ulitoa majivu mwaka 1910. Mwalimu wa jiografia anaweza kulieleza hilo ubaoni kwa saa nzima. Kule linaeleweka kwa dakika 5, hata kwa bibi mwenye magoti mabovu, ambaye hakuhitaji kushuka garini.

Wenye miguu mizima waombe kutembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kutoka lango la Momela hadi maporomoko ya Tululusia. Kuna malipo yake, na uliza kwanza kama watoto wako umri wao unakubaliwa. Kumsogelea nyati kwa miguu, bila bati la gari katikati, ni jambo ambalo baba wa familia atalisimulia miaka mingi.

Mkimaliza kula, simameni kidogo mtazame kaskazini, upande wa Ngarenanyuki. Mwongozaji asipoisema habari hii, mwulize. Mwezi wa Novemba mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, watu wapatao 3,000, ili kuwapa walowezi nafasi ya kufuga ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai ardhi. Ilikuwa miaka 3 kabla ya Mwalimu Nyerere kwenda kusema huko, mwaka 1955. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia mashamba siku ile, lakini nchi nzima ilisikia. Watalii wengi hupita hapo wakiulizia filamu ya Kimarekani ya mwaka 1962, *Hatari!*, iliyopigwa Momela. Hiyo nayo ni habari, sikatai. Mimi ningeanza na Kirilo.

Saa 9 anzeni kurudi, mpate saa moja ya Tengeru. Ikiwa ni Jumamosi soko litakuwa limejaa ndizi, na hapo mama atapata ruhusa yake. Lakini kwanza pitieni makaburi ya Wapolandi. Mwaka 1940 Warusi waliwachukua watu wengi wa Poland wakawapeleka Siberia. Mwaka 1942 walionusurika walitoka kwa njia ya Iran, na wapatao 5,000, wengi wao akina mama na watoto, waliletwa Tengeru. Walikaa katika vijumba vya mviringo vilivyoezekwa majani, kama vya kwetu, wakawa na shule na kanisa. Baada ya vita walitawanyika, wengine Uingereza, wengine Kanada na Australia. Walioachwa hapo ni kama 150, na makaburi yao hutunzwa mpaka leo. Someni majina polepole. Ni magumu kutamka, lakini miaka iliyoandikwa inasomeka, kuna watoto.

Kama mmoja wenu ni mgonjwa na hawezi barabara ya vumbi, basi siku itosheke na mji wenyewe, kwa miguu: Boma la Wajerumani la mwaka 1900, ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na Makumbusho ya Azimio la Arusha, lile lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Pitieni na Mnara wa Saa. Hapo mjaribu mwongozaji wenu. Wengi husema mnara huo ndio katikati kabisa ya Cairo na Cape Town. Chukua ramani na rula: katikati yake huangukia Kongo. Mwongozaji akisema, "Ndivyo watu wasemavyo," huyo ni mkweli. Akiapa, mvumilie tu.

Jioni, mkifika mlangoni kwa shemeji, toeni ile karatasi, mhesabu pamoja na kumalizia malipo mbele ya wote. Kama amewatunza vizuri mwongezeeni kidogo, na mchukue namba yake ya simu mwandike nyuma ya karatasi hiyo hiyo. Mwakani kuna harusi nyingine.