Mwana wa Mfalme Aliyekataa Kubusu

Hadithi ya Mrembo Aliyelala sote twaijua. Msichana achomwa kidole na kijiti cha kusokotea nyuzi, alala miaka 100, mwana wa mfalme ambusu, aamka.

Sasa sikia hii. Katika Fractured Fairy Tales, katuni za Jay Ward zilizoanza kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1959, mwana wa mfalme afika kitandani, ainama, halafu asita. Amwamshe bure kwa nini? Akiendelea kulala, si watu watalipa kumwona! Mara aanzisha uwanja wa burudani. Tena amechorwa akifanana na Walt Disney, aliyefungua Disneyland mwaka 1955, na ambaye kampuni yake ilitoa filamu ya hadithi hiyo hiyo 1959. Lo! Nilicheka mbavu zikauma.

Mdogo wangu wa miaka saba hakucheka hata kidogo. "Kwani alitakiwa afanye nini?" akaniuliza. Kumbe hadithi yenyewe hajawahi kusimuliwa! Ikabidi niisimamishe video nimsimulie kwanza, ndipo naye akaangua kicheko.

Mjomba asema katuni hizi zaharibu hadithi za wazee. Sikubaliani naye. Siku hizi huyo mdogo wangu hanipi nafasi, kila jioni ataka mbili: ile ya zamani kwanza, kisha ya vichekesho.