Barua Niliyoisoma Nusu

Kwetu Tunduma kwenda ng'ambo si habari. Mtu huvuka mpaka asubuhi kununua kitu Nakonde, Zambia, na mchana yuko nyumbani anakula ugali. Lakini mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alipopata nafasi ya kusoma Edinburgh, Uskoti, tangu Juni hata Agosti, ukoo mzima ulikaa kikao. Ndiyo miezi ya kuchuma kahawa Mbozi, na mama yake, dada yangu mkubwa, hana msaidizi mwingine. Mimi ndiye niliyesema aende. Nilimkumbusha dada kwamba Mwalimu Nyerere naye alisoma mji huo huo, tangu 1949 hata 1952, mama yake akabaki Butiama.

Habari zilifika katika simu yangu, maana dada hajui kusoma.

"Shikamoo mjomba. Hapa saa nne ya usiku jua ndiyo kwanza linazama, usingizi sipati. Njiani hakuna anayenisalimu. Jana nililia kama mtoto. Usimwambie mama."

Jumamosi nikaenda Mbozi, nikamsomea habari za jua tu. Dada alicheka sana, akauliza kuku wa huko hulala saa ngapi. Kisha akanyamaza, akiendelea kuchambua kahawa.

"Mdogo wangu, umesoma upesi mno. Mwambie nimeajiri vijana wawili wa kuchuma, asinifikirie."

Hakuwa ameajiri mtu. Nikaandika vivyo hivyo alivyosema.

Jumatatu nikaomba ruhusa kwa Padre Paroko, nikachukua kikapu, nikarudi shambani kwake.