Sauti Niliyoisambaza Alasiri ya Ramadhani



Wasomaji watukufu, khasa mama na dada zangu, wiki hii sina nasaha ya kumpa mtu. Nina kisa changu mwenyewe, nacho si kisa cha kujivunia. Nimekaa nacho tangu Ramadhani ya mwaka juzi, na kila nikiona watu wakilaumu "watu wa mitandao" kwa kueneza uongo, moyo hunisuta, kwa kuwa mmoja wa watu hao ni mimi.

Ilikuwa baada ya swala ya Alasiri, katika kumi la kati la mwezi. Mbaazi zimo jikoni zinachemka, nami nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, simu ikalia. Kundi la ukoo wetu lina watu zaidi ya 80, kuanzia Lamu mpaka Muscat, na mwezi wa Ramadhani halinyamazi. Nikafuta mikono, nikafungua. Ulikuwa ujumbe wa sauti, kama dakika moja na nusu. Mwanamke analia. Asema mwanawe amelazwa hospitali baada ya kula sambusa za nyama alizomnunulia kwa mama mmoja auzaye pembeni mwa msikiti, na kwamba nyama ile si nyama ya kuliwa na mja. Hakutaja mji, wala msikiti, wala hospitali, wala jina la mtoto. Lakini kilio kilikuwa kilio cha mama, nami ni mama.

Sikuusikiliza mara mbili. Niliusambaza katika makundi matatu: la darsa yetu ya wanawake, la wazazi wa madrasa, na la majirani. Chini yake nikaandika maneno yangu mwenyewe: "Jamani tuchungeni na tununuacho, khasa hapa mtaani kwetu." Kisha nikarudi kwenye nazi yangu, nimeridhika kwamba nimefanya kheri.

Tazameni nilichokifanya. Ile khabari ilikuwa haina mji. Mimi niliipa mji. Na mtaani kwetu, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, pembeni mwa msikiti, muuza sambusa ni mmoja tu. Ni mjane, ana watoto watatu, na ana karai lake na meza yake ndogo chini ya ngazi. Mwezi wa Ramadhani ndio mavuno yake. Anachokipata katika siku hizo 30 ndicho humlipia kodi ya nyumba na karo ya watoto kwa miezi kadhaa. Sikumtaja jina. Lakini sikuwa na haja ya kumtaja.

Siku ya pili, kabla ya Magharibi, ule ujumbe ulinirudia kutoka kwa mtu nisiyemjua, katika kundi ambalo sikulipelekea. Sauti ni ile ile. Maneno ya chini yalikuwa yamebadilika: "Ni hapa hapa Mji wa Kale, yule wa chini ya ngazi." Mkono wangu ulitetemeka. Na bado, wallahi, nafsi yangu iliniambia: basi kumbe ni kweli.

Jioni ile ile mtoto wake alibisha hodi. Kama ilivyo ada yake kila Ramadhani, yule mama alikuwa ametuletea sahani ya sambusa za kufuturia, imefunikwa kawa. Binti yangu wa miaka tisa aliniuliza, "Mama, tule?" Sikumjibu. Niliichukua sahani nikaiweka juu ya kabati. Tulifuturu kwa tende, uji na mbaazi. Usiku, watoto walipolala, nilizitupa. Chakula cha jirani, katika mwezi wa Ramadhani, nilikitupa.

Aliyenizindua ni mamangu. Yeye hana simu ya kioo. Ana ile ndogo ya kubonyeza, ya kupigia na kupokea tu. Nilipomsimulia, alinitazama akaniuliza maswali matatu. "Huyo mtoto mgonjwa ni wa nani? Huo msikiti ni upi? Na wewe, umemsikia nani kwa masikio yako akikwambia mtoto wake?" Sikuwa na jibu hata moja. Akasema, "Basi mwanangu, umepeleka barua isiyo na mwenyewe."

Wakati huo ndipo nilipouliza katika kundi la ukoo, nani aliyeuleta ujumbe huu? Aliyeuleta alisema ameupata kwa rafiki. Rafiki aliupata kwingine. Kisha binamu yangu aliyeko Muscat akaandika kwamba sauti ile ile aliwahi kuletewa huko Oman mwaka uliotangulia, naye akaifuta. Yaani kilio kile kilikuwa na umri wa mwaka mzima kilipoingia jikoni kwangu. Huenda mtoto alikuwepo kweli, mahali fulani. Lakini hakuwa mtoto wa Mombasa, na jirani yangu hakumuuzia kitu.

Nimejaribu kujiuliza, ni kitu gani kilichonipata? Wazee wetu nao walipashana khabari, tena nyingi. Lakini khabari ya barazani ilikuja na uso. Ulimjua mwenye kuileta. Ulijua huyu huzidisha chumvi, huyu ana kinyongo na fulani, huyu hasemi asilolishuhudia. Ukaipima khabari kwa mizani ya mwenye kuisema. Simu imetuondolea uso huo. Khabari huja kupitia kwa dada yako, basi waiona kana kwamba ni dada yako aliyeiona kwa macho yake, kumbe naye ni mlango tu imepitia.

Wenye WhatsApp wenyewe waliliona jambo hili. Mwaka 2018 walianza kuweka alama ya kuonyesha kwamba ujumbe haukuandikwa na aliyekuletea. Januari 2019 walipunguza idadi ya watu au makundi unayoweza kuyapelekea ujumbe kwa mara moja, kutoka 20 mpaka 5. Aprili 2020, wakati wa maradhi ya Korona, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, ule wenye vishale viwili, ukawa hauwezi kusambazwa ila kwa mmoja mmoja. Vishale vile viliwekwa viwe onyo. Sisi twavisoma kinyume: tukiona jambo limepita mikono mingi, twasema lazima ni kweli.

Haya hayakuanza bila ya sababu. Huko India, mwaka huo wa 2018, uvumi wa wezi wa watoto ulienea kwa simu mpaka watu zaidi ya 20 wakauawa na makundi ya watu wenye ghadhabu. Siku moja, tarehe 1 Julai, watu watano waliuawa katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra, wageni waliokuwa wakipita tu. Mojawapo ya video zilizowatia watu khofu ilionyesha mtoto akinyakuliwa na watu wa pikipiki. Ilikuwa imetengenezwa Karachi, Pakistani, kuwafunza wazazi wawachunge watoto wao; mwishoni mtoto hurudishwa na maelezo hutolewa. Mtu aliukata ule mwisho. Kipande kilichobaki kikaua watu. Nilipokisoma kisa hicho nilihisi baridi mwilini. Mimi sikukata kitu. Mimi niliongeza maneno machache. Lakini mkono ni ule ule.

Na msidhani ni mashine ndizo zinazotufanyia haya. Machi 2018 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuchunguza khabari kama 126,000 zilizosambazwa katika mtandao wa Twitter tangu 2006 hadi 2017. Waliona kwamba khabari ya uongo ina uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko ya kweli, na kwamba ukweli huchukua muda wa takriban mara sita kuwafikia watu 1,500. Na walipoziondoa zile akaunti zinazoendeshwa na programu za kompyuta, matokeo hayakubadilika. Ni sisi watu. Uongo una ladha ya upya na mshtuko, nasi twapenda kuwa wa kwanza kushtua.

Sisemi simu ni shari tupu. Juni 2024, vijana wetu walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 wakaingia mpaka Bungeni Nairobi, wengi wetu tuliyajua yaliyotokea kwa simu hizi hizi. Mama alijua mwanawe yuko hai kwa ujumbe wa simu. Lakini siku hizo hizo zilitembea na picha za kale na za nchi za mbali, zikiitwa za leo na za hapa. Mkono unaobeba kweli ndio unaobeba uongo. Tofauti ni kusita kidogo kabla ya kubonyeza.

Dini yetu haikutuacha bila ya muongozo. Aya ya 6 ya Sura Al-Hujurat yatuamrisha tuichunguze khabari aletayo fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukabaki na majuto. Mtume wetu, Swalla Allahu 'alayhi wa sallam, katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim, ametufunza kwamba yatosha kwa mtu kuwa mwongo kuhadithia kila alisikialo. Nimezisikia nasaha hizi darsani tangu utotoni. Sikujua kwamba zanisema mimi.

Zaidi hukumbuka kisa cha Ifk, uzushi aliozuliwa mama yetu Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, baada ya safari ya Bani Mustaliq. Uzushi ule ulitembea Madina kwa muda wa kama mwezi mpaka aya za Sura An-Nur zilipoteremka kumtakasa. Walioubeba hawakuwa wanafiki watupu. Mistah alikuwa mtu wa Badr, tena jamaa yake Sayyidna Abu Bakr. Na aliyeuchunga ulimi wake ni Bibi Zaynab bint Jahsh, mke mwenziwe Bibi Aisha, ambaye kwa hesabu za kibinadamu angelikuwa wa kwanza kufurahi. Aliulizwa, akasema kheri tu. Kumbe wema wa mtu haumkingi na kubeba uzushi, na wivu wa mtu si udhuru wa kuubeba.

Siku ya 22 ya mfungo nilivaa buibui nikaenda kwa jirani yangu. Meza yake ilikuwa ndani, imeegemezwa ukutani. Nilimweleza yote: ujumbe, maneno yangu, sahani ya sambusa niliyoitupa. Alinisikiliza huku akikunja leso yake. Kisha akasema, "Nilijua tangu siku ya tatu, mwanangu. Waliniletea wakanisomea. Nikawa nangoja uje."

Nikalia, nikamwomba radhi. Akasema, "Wewe nimekusamehe, maana umekuja. Lakini wale nisiowajua, walionipita njiani wakageuza uso, hao nitawasamehe vipi na hawakuja?"

Sikuwa na la kumjibu, wala mpaka leo sina. Nilirudi nyumbani nikarekodi sauti yangu. Nikataja jina langu kamili, nikasema nimekosa, nikasema mama yule hana hatia, nikaipeleka katika makundi yote matatu. Wachache walinijibu kwa kidole gumba. Shangazi yangu mmoja aliandika, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Methali hiyo nilikuwa nikiipenda. Sasa nikiisikia hukumbuka meza iliyoegemezwa ukutani. Ule uongo ulinirudia kutoka kwa mtu nisiyemjua kwa muda wa siku moja. Ile sauti yangu ya kukanusha haijanirudia mpaka leo.

Ramadhani iliyofuata aliitoa meza yake tena. Alikaanga kidogo kidogo, na wateja walirudi kidogo kidogo; si wote. Shangazi yangu hanunui. Siku ya kwanza ya mfungo mtoto wake alikuja na sahani chini ya kawa, kama ada. Adhana ilipoadhiniwa, binti yangu alinitazama, hakuuliza kitu. Nilifungua kwa tende na maji, kisha nikachukua sambusa, nikala mbele yake, nikamsogezea sahani.

Siku hizi simu ikilia huyauliza yale maswali matatu ya mamangu: ni wa nani, ni wapi, na nani aliyeshuhudia? Nikikosa jibu, ujumbe huishia kwangu. Wengine katika ukoo huniita mzito. Na wewe msomaji, iwapo kuna mtu umepata kupeleka khabari yake na hukuwa na yakini nayo, nyumba yake waijua. Huenda naye anakungoja uende.

Allah atusamehe tuliyoyasema na tuliyoyasambaza, na awalipe kheri wote tuliowadhulumu pasi na kujua. Amin.

Wabillahi tawfiq.