Picha ya Filipo na Daftari la Mwinjilisti

Katika ofisi ya usharika wetu hapa Bugwema ipo picha ya mtu mwenye paji la uso pana, ndevu chache, na macho yanayotazama pembeni. Tuliletewa na wageni kutoka Ujerumani. Kwa muda mrefu washarika waliamini kuwa ni Martin Luther, nasi viongozi hatukujihangaisha kuwasahihisha. Siku moja mama mmoja wa kwaya akauliza, "Baba Mchungaji, mbona Luther wa kwenye kalenda ni mnene na huyu amekonda hivi?"

Ni Filipo Melanchthon, aliyefundisha Kigiriki kule Wittenberg na kuandika Ungamo la Augsburg, lile lililosomwa mbele ya Kaisari Karoli V tarehe 25 Juni 1530. Picha hiyo ni kazi ya Albrecht Dürer wa Nürnberg, ya mwaka 1526. Yetu ni nakala tu. Ile ya asili haikuchorwa kwa kalamu: fundi alichukua bamba la shaba, akachonga mistari kwa chuma chenye ncha kali, mstari mmoja mmoja, kila kitu kikiwa kinyume kama kwenye kioo. Kisha akapaka wino, akafuta juu ili ubaki ndani ya mistari tu, akagandamiza karatasi yenye unyevu. Ukimtazama Filipo kwa karibu utaona dirisha dogo ndani ya jicho lake. Watoto wa Shule ya Jumapili ndio waliotuonyesha dirisha hilo. Sisi tulikuwa tukipita tu.

Chini ya uso kuna maneno ya Kilatini. Yanasema, kwa maana yake, kwamba Dürer aliweza kuchora sura ya Filipo aliye hai, lakini mkono wake wenye ujuzi haukuweza kuchora akili yake. Mwaka huohuo alimchonga Erasmus, akaandika kwa Kigiriki kwamba vitabu vya mtu huyo vitamwonyesha vizuri zaidi. Fundi gani hukiri hivyo juu ya kazi yake mwenyewe? Labda alijua watu walivyo. Mwaka 1521 Aleander, mjumbe wa Papa, alilalamika kutoka Worms kwamba watu wananunua picha za Luther na hata kuzibusu.

Na Luther mwenyewe? Mwaka 1520 Dürer alimwandikia Spalatin kwamba, Mungu akimjalia kufika kwa Luther, atamchora na kumchonga kwenye shaba, awe ukumbusho wa mtu aliyemtoa katika mahangaiko makubwa. Hakupata kufanya hivyo. Alifariki mwaka 1528.

Habari hiyo hutuchoma, kwa sababu nasi tulikuwa na mtu wetu.

Mwinjilisti wetu alizunguka vitongoji hivi kwa baiskeli kabla wengi wetu hatujazaliwa. Aliwafundisha wazee kusoma ili wasome Biblia wenyewe. Tulipoamua kuweka picha yake ofisini karibu na Filipo, tulikwenda kwake, mchungaji na wazee wawili wa kanisa. Tulimkuta anaanika udaga, amevaa fulana iliyochanika begani. Tulipotoa simu, akainua mkono. "Ngojeni, Baba Mchungaji, nikaoge nivae koti." Tulikuwa na kikao Musoma, na jua lilikuwa limekwenda. Tukamwambia tutarudi wiki ijayo. Wiki ikawa mwezi, msimu wa kilimo ukaingia, na tuliporudi tulirudi kuzika.

Siku ya maziko kijana wa kuandaa ratiba aliomba picha. Palikuwa na kitambulisho cha mpiga kura tu, kilichokaa mfukoni miaka mingi hata uso umefutika. Hatukumwambia mtu kwa nini hatukuwa na nyingine. Mke wake alijua, maana ndiye aliyekuwa ameingia ndani kutafuta lile koti. Hakusema neno.

Wiki mbili baadaye aliingia ofisini na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na daftari la mahubiri, limejaa mpaka pembeni, mistari imebanana ili kuokoa karatasi. Tukamwomba msamaha. Akaitikia kwa kichwa, akaketi, akafungua daftari juu ya meza chini ya picha ya Filipo. Mama huyu hajui kusoma. Mumewe alifundisha watu wengi, lakini yeye alisema kila mara kwamba kazi za shamba hazimpi nafasi. Alipitisha kidole juu ya maandishi polepole, ukurasa hadi ukurasa, mpaka mahali ambapo herufi zinakuwa kubwa na kupinda.

"Hapa alikuwa ameanza kuumwa," alisema. Akarudi nyuma kurasa kadhaa. "Na hapa taa ilikuwa imeisha mafuta. Nilimwambia alale, akakataa."

Akatuuliza tumsomee ukurasa huo.